Gari Linalojizima Lenyewe: Je, Injini Inaumia?

Ndugu msikilizaji, kwa muda mrefu sasa watu wamekuwa wakiniuliza swali moja, wengine kwa barua, wengine kwa kunisimamisha njiani. Mtu amejinyima miaka kadhaa, ameuza kiwanja au amekopa katika chama cha kuweka na kukopa, akaagiza kigari chake kilichotumika kutoka Japani. Gari limetoka bandarini Dar es Salaam, limefika Morogoro, mwendo wa kilometa karibu 190, bila tatizo lolote. Siku ya pili yake mwenye gari yumo kwenye foleni ya Msamvu, mguu uko kwenye breki, na ghafla injini kimya! Moyo unamwenda mbio. Anajua ameuziwa gari bovu. Kabla hajafungua mlango kuwaita vijana wa kusukuma, anaachia breki, na injini inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea.

Akifika gereji anaambiwa kwamba mtambo huo unakula injini, na kwamba ukiuacha ufanye kazi, baada ya mwaka mmoja atakuwa anatafuta injini nyingine. Akirudi nyumbani jirani yake anamwambia asidanganyike, mtambo ule umewekwa ili kuokoa petroli, na Wajapani si wajinga. Sasa amsikilize nani? Jambo hili si dogo kwa mtu ambaye gari ndilo limemaliza akiba yake yote, na hasa kwa yule ambaye gari hilo hilo ndilo teksi yake na ndilo linalolipa ada za shule. Kwa hiyo leo naomba tulichambue taratibu.

Kwanza tukubaliane kuwa si uchawi wala si ubovu. Magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa tangu mwaka 2010 hivi, mathalani baadhi ya Toyota Vitz na Passo, Mazda Demio na CX-5, Honda Fit na Nissan Serena, yana mtambo unaozima injini gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapotaka kuondoka. Kwenye dashibodi utaona maandishi ya kijani au alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale. Karibu na usukani kuna kitufe chenye alama hiyo hiyo na neno OFF. Ukikibonyeza, mtambo unalala mpaka utakapozima gari na kuliwasha upya. Maelezo yote yamo ndani ya kitabu cha gari, ila kitabu chenyewe kimeandikwa Kijapani, na hapo ndipo balaa linapoanza. Ni kama yule dada anayezungumza ndani ya gari kila unapoliwasha: wengi wetu tumemsikiliza miaka mitano hatujui anasema nini.

Wala wazo lenyewe si jipya. Katika miaka ya 1970 Toyota walilijaribu kwenye gari lao la Crown, injini ikajizima baada ya gari kusimama sekunde moja na nusu hivi. Volkswagen wa Ujerumani walitoa Golf ya namna hiyo mwaka 1994, wanunuzi wakaikataa. Kilichobadilisha mambo ni sheria za moshi na bei ya mafuta katika karne hii. Viwanda vya Ulaya na Japani vilipobanwa vipunguze hewa chafu, vilirudi kwenye wazo lile la zamani vikiwa na kompyuta nzuri zaidi na starta imara zaidi. Hata huko kwa wenzetu malalamiko hayakwisha. Mwezi Mei 2025 mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Marekani, Lee Zeldin, alitangaza hadharani kuwa ofisi yake itaushughulikia mtambo huo kwa sababu watu wanauchukia. Kwa hiyo fundi wetu wa Morogoro hayuko peke yake katika kununa.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, kwamba kuwasha injini mara kwa mara kunaiua. Hofu hii ina msingi. Wazee waliotufundisha udereva walisema gari huliwa zaidi asubuhi linapowashwa kuliko safari nzima ya mchana, na walisema kweli. Ndani ya injini kuna mhimili mzito unaozunguka, yaani krenki. Mhimili huo umeshikwa na vikombe laini vya madini ambavyo mafundi huviita beringi. Injini ikiwa inazunguka, krenki haigusi beringi hata kidogo. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, kama mtumbwi unavyoelea juu ya maji. Injini ikizimwa, krenki hutua. Ukiwasha tena, kwa mizunguko michache ya kwanza chuma husuguana na madini yale mpaka utando ujengeke upya.

Asubuhi hali huwa mbaya zaidi. Oili imeshuka yote chini usiku kucha, imepoa na imekuwa nzito, na pampu inachukua muda kuifikisha juu. Kompyuta au kabureta inamwaga petroli nyingi ili injini iwake, na petroli ile huosha oili kwenye kuta za silinda. Pia mvuke wa maji hubaki ndani ya injini baridi, ukachanganyika na masizi, ukatengeneza tindikali inayokula chuma. Ndiyo maana gari la daktari wa zamani, lililokwenda kilometa mbili likazimwa, kisha kilometa tatu likazimwa, lilichakaa upesi kuliko basi la Dar es Salaam hadi Mbeya lenye kilometa mara tano yake.

Lakini tazama tofauti. Mtambo huu wa kujizima haufanyi kazi asubuhi. Kompyuta ya gari huupa ruhusa pale tu inapoona mambo kadhaa yametimia: maji ya injini yamepata joto lake la kazi, betri ina nguvu ya kutosha, dereva amefunga mkanda, milango imefungwa. Injini inayozimwa kwenye foleni ni ya moto, oili yake ni nyepesi na imejaa kila mahali, na inazimwa kwa sekunde 20, 40, pengine dakika moja. Oili haina muda wa kukimbia. Inapowashwa tena hakuna petroli ya ziada ya kuosha kuta wala mvuke. Kuilinganisha na injini ya saa 12 asubuhi ni sawa na kumlinganisha mkimbiaji aliyesimama kunywa maji katikati ya mbio na mtu aliyetolewa kitandani akaambiwa kimbia.

Hata hivyo hesabu ya mara ngapi nayo ina uzito wake, na hapa sitaki kumdharau fundi. Chukua gari la kawaida linalowashwa mara sita kwa siku. Kwa mwaka ni mara 2,190, na kwa miaka kumi ni mara 21,900. Gari lenye mtambo huu, likisimama kwenye foleni mara 20 kwa siku, linajiwasha mara 7,300 kwa mwaka, yaani 73,000 kwa miaka kumi. Kampuni ya Federal-Mogul, ambayo kazi yake ni kutengeneza beringi za injini, ilikadiria kwamba gari la kawaida linaweza kuwashwa hadi mara 50,000 katika maisha yake yote, wakati lenye mtambo huu linaweza kufika mara 500,000. Beringi ya zamani isingevumilia hilo. Kwa hiyo watengenezaji wakabuni beringi zenye tabaka la juu la aina ya plastiki ngumu iliyochanganywa na chembechembe zinazopunguza msuguano, ili ile dakika ya chuma kugusa madini isilete jeraha. Kwa maneno mengine, wenye viwanda waliiona hofu ya fundi kabla fundi hajaisema, wakaifanyia kazi.

Na tunao ushahidi mwingine barabarani. Magari ya Toyota Prius, ambayo yalianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, pamoja na ndugu zake wanaotumia petroli na umeme kwa pamoja, huzima na kuwasha injini muda wote, hata yakiwa yanatembea. Yamefanya kazi ya teksi katika miji mingi ya dunia kwa miaka mingi. Kama kuwasha na kuzima injini ya moto kungekuwa kunaimaliza, magari hayo yangekuwa ya kwanza kujaa kwenye majalala ya vyuma. Ni kweli kwamba hayo huwashwa na mota kubwa ya umeme, inayozungusha injini kwa ulaini kuliko starta ya kawaida. Lakini beringi ni beringi, na oili ni oili.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kwa gari lililotengenezwa na mtambo huo, likiwa na vifaa vyake vya asili na oili yake inayotakiwa, injini haipati uchakavu wa kutisha. Gharama ya mtambo huu haiko kwenye injini. Iko kwenye betri na starta. Na hapa kwetu, ndugu msikilizaji, gharama hiyo inakuja kwa njia ambayo Mjapani hakuitarajia.

Tuanze na betri, maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Betri ya kawaida ya gari imeumbwa kama mwanariadha wa mbio fupi. Hutoa umeme mwingi kwa sekunde mbili za kuzungusha starta, kisha hulala huku alteneta ikiirudishia kile kidogo kilichotoka. Haikuumbwa kubeba mzigo muda mrefu. Sasa gari lililojizima kwenye foleni halina alteneta inayofanya kazi. Taa, redio, feni, kompyuta na vifuta vioo vyote vinakula betri, kisha betri hiyo hiyo inaambiwa iwashe injini, mara 20 kwa siku. Betri ya kawaida ikifanyiwa hivyo, sahani zake za risasi humomonyoka, unga wake ukadondoka chini, na tindikali nzito ikajitenga na nyepesi. Mwenye gari anashangaa betri mpya imekufa kabla ya mwaka.

Ndiyo maana magari haya hutoka kiwandani na betri za namna yake. Ziko za aina mbili. Moja ni ya maji kama kawaida, lakini sahani zake ni imara zaidi na zimeshikwa kwa kitambaa ili unga usidondoke. Nyingine ni ile ambayo tindikali yake imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo, haimwagiki hata ukiilaza, na hiyo ndiyo ghali zaidi. Njia rahisi ya kuitambua betri ya Kijapani ya kazi hii ni kusoma namba yake. Betri ya kawaida huandikwa mathalani 38B19L au 55D23L. Ile ya gari linalojizima huanza na herufi peke yake, kwa mfano M-42, N-55 au Q-85. Kabla hujakubali betri ya zamani itolewe na kubakizwa dukani, piga picha ya maandishi hayo kwa simu yako.

Kinachotokea katika miji yetu mnakijua. Gari limefika likiwa na miaka minane, betri yake imezeeka tangu Yokohama. Inakufa. Mwenye gari anakwenda dukani, anaambiwa ile ya asili haipo, au ipo kwa bei inayokaribia mara mbili, na kwamba hii ya kawaida inaingia vizuri tu kwenye kikalio chake. Ni kweli inaingia. Na gari linawaka. Kinachofuata ni miezi michache ya raha na kisha asubuhi moja gari ni gogo.

Ongezeni na joto. Adui mkubwa wa betri ni joto kuliko baridi, na kanuni ya watu wa betri husema kila nyuzi joto kumi zikiongezeka, umri wa betri hukatika karibu nusu. Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi Oktoba jua la hapa halina mchezo. Chini ya boneti hali ni mbaya maradufu. Ile betri ya mikeka ya kioo, pamoja na ubora wake, haipendi kabisa jiko la injini, ndiyo maana magari mengi ya Ulaya huificha kwenye buti.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia kama ubovu kumbe ni afya. Mara nyingi msikilizaji ananiambia mtambo wake umekufa, gari halijizimi tena, na anataka kujua autengeneze kwa nani. Katika magari mengi mtambo haujafa. Kompyuta imeipima betri, imeona haina nguvu ya kuwasha tena kwa uhakika, ikaamua kutozima. Au kiyoyozi kinafanya kazi kubwa kupoza gari lililoachwa juani, na kompyuta inaona ikizima injini abiria wataungua. Mtu anayeendesha mchana wa Januari na kiyoyozi kikiwa mwisho anaweza kukaa wiki nzima asiuone mtambo huo ukifanya kazi. Kwake yeye mjadala huu wote ni wa bure.

Hata betri mpya na sahihi ikipatikana, katika baadhi ya magari kazi haijaisha. Kompyuta huweka kumbukumbu ya betri ya zamani ilivyochoka, na lazima iambiwe kwamba sasa iko mpya. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kupimia gari, ni dakika chache. Fundi asiyejua atakuambia betri uliyonunua ni feki. Tena kwenye nguzo ya hasi ya betri kuna kidude kidogo chenye waya kinachopima umeme unaoingia na kutoka. Ukimwona fundi anakikata au anakiruka ili mzigo wa king'ora au redio uunganishwe moja kwa moja kwenye betri, mzuie kwa adabu. Akikiruka, kompyuta inahesabu uongo.

Kuhusu starta sitasema mengi. Ile ya asili ina brashi ndefu, beringi imara na meno yaliyopangwa kuvumilia mara nyingi. Baadhi ya magari hata hutunza hesabu ya mara ambazo starta imefanya kazi, na ikifika kikomo, mtambo hujifunga. Hatari yetu ni pale starta inapokufa na mwenye gari anakwenda Gerezani au Ilala kutafuta iliyotumika. Starta ya Vitz isiyojizima na ya ile inayojizima zinaweza kufanana machoni, na muuzaji anajua kinachofanana tu. Ukifunga ile ya kawaida halafu ukauacha mtambo uendelee, umeipa kazi ya punda mtoto wa mbuzi.

Oili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana hapo ndipo fundi anayelalamika kuwa mtambo unaua injini anapoweza kuiua yeye mwenyewe. Injini hizi nyingi zimeandikiwa oili nyepesi, kwa mfano 0W-20, na mara nyingi utaisoma juu ya kifuniko chenyewe cha kumwagia oili. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi; ndogo ni bora kwa kuwasha. Sasa katika gereji nyingi bado tunaamini kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, na gari la mwaka 2015 linamwagiwa 20W-50 au ile ya namba 40 ya malori. Oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi kila injini inapowashwa. Ukiwasha mara sita kwa siku, kosa hilo unalipa mara sita. Ukiwasha mara 26, unalipa mara 26. Oili ya bandia, au oili iliyopitiliza muda wake, nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo gari linalojizima halisamehi uvivu wa kubadilisha oili kama lilivyosamehe Corolla la baba.

Sasa je, kwa fedha, mtambo huu unalipa? Tufanye hesabu ya sokoni. Injini ndogo ikiunguruma gari limesimama hula kiasi cha lita 0.7 kwa saa, zaidi kidogo kama kiyoyozi kimewashwa. Watafiti wa maabara ya Argonne ya Marekani walionyesha kuwa kuiwasha upya injini ya moto hutumia mafuta machache kuliko kuiacha iungurume kwa sekunde kumi. Haya, mtu wa Dar es Salaam anayekaa kwenye foleni jumla ya dakika 40 kwa siku anachoma hapo lita kama 0.47. Kwa siku 26 za kazi ni lita 12. Tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, maana bei hubadilika EWURA inapotangaza kila mwezi, hiyo ni shilingi 36,000. Mtambo hautaokoa zote, kwa kuwa mara nyingine utakataa kuzima. Tuseme nusu, shilingi 18,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita 200,000. Hapo tofauti ya bei ya betri sahihi inaweza kurudi.

Lakini mtu wa Morogoro mjini, anayetoka Kihonda kwenda sokoni na kurudi, foleni yake kwa siku haifiki dakika kumi. Tukisema nane, ni lita mbili na nusu kwa mwezi, shilingi 7,000 na kitu, na nusu yake ndiyo mtambo utaiokoa. Shilingi 3,600! Kwa mtu huyo, maoni yangu ni haya: ukiweza kununua betri ya aina yake, nunua na uuache mtambo ufanye kazi, hautakudhuru. Ukishindwa, weka ya kawaida iliyo bora, lakini zoea kukibonyeza kile kitufe kila unapowasha gari, kama unavyofunga mkanda. Usimruhusu mtu akate waya. Na ujue kwamba hata ukibonyeza kitufe, katika magari mengi ya siku hizi alteneta hujaza betri hasa wakati gari linapopunguza mwendo, kwa hiyo betri ya kawaida haitadumu kama ilivyodumu kwenye gari la zamani. Mwenye teksi anayeshinda Msamvu akisubiri abiria huku injini inaunguruma, redio na kiyoyozi vikiwaka, huyo hana haja ya mtambo wowote. Ana ufunguo mkononi.

Sasa niwageukie wanaopanda milimani, maana Morogoro si mjini tu. Safu ya Uluguru inapanda hadi mita 2,630 pale kilele cha Kimhandu, na barabara za kwenda Mgeta, Kinole na Matombo, au hata hii fupi ya Morningside, ni shule ya injini. Gari linalotumia turbo likipanda kwa nguvu hadi juu, turbo yake huwa na joto kali sana. Ukizima injini hapo hapo, oili inayopoza mhimili wa turbo inasimama na kuungua ikawa mkaa. Watengenezaji wa magari ya turbo yenye mtambo huu wameweka pampu za umeme za kuendelea kuzungusha maji, au kompyuta ikakataa kuzima. Gari la zamani halina mwalimu huyo. Dereva wake akifika Nyandira na shehena aache injini iungurume dakika moja au mbili ndipo azime.

Na kuna kuzima kwingine ambako mtu hukufanya kwa mkono wake, akidhani anaiga werevu wa Wajapani. Nakusudia ile desturi ya kuteremka mlima injini imezimwa. Wenye bodaboda wanaifanya wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi, wenye vigari vidogo wanaifanya, na nimepata kuwasikia wenye magari ya mboga wakijisifu nayo. Wanasema kama gari lenyewe linajizima kuokoa mafuta, kwa nini mimi nisizime?

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtambo huzima gari likiwa limesimama au likikaribia kusimama, dereva amekanyaga breki, na uko tayari kuliwasha kwa nukta moja. Anayeteremka gari limezimwa ameondoa kile kinachoipa breki nguvu. Breki za gari dogo husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Injini ikizimwa, akiba ya mvuto huo inatosha kukanyaga mara mbili tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Akikosea akageuza ufunguo hadi mwisho na kuutoa, usukani unajifunga, na kona za Mgeta hazimsubiri mtu afungue usukani. Tena hana gia ya kumzuia, uzito wote unaangukia breki, zinapata moto na kulegea.

Na anachookoa ni nini? Karibu hakuna. Magari ya sindano, yaani yasiyo na kabureta, yakiteremka yakiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye moto, kompyuta hufunga petroli yote. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini ndiyo inayolizuia gari. Mafuta yanayotumika hapo ni sifuri, na breki na usukani vina nguvu zao kamili. Aliyeweka frii injini ikiunguruma anatumia mafuta zaidi yake, na aliyezima kabisa hajamzidi chochote.

Kwa dereva wa gari la gia za mkono anayetoka Mgeta na mzigo wake wa kabichi, gia aliyotumia kupandia ndiyo ya kuteremkia, ya pili au ya kwanza kwenye miteremko mikali. Mwenye gia za kujiendesha avute mkono kutoka D aupeleke kwenye L, B au 2, kadiri gari lake lilivyoandikwa. Injini itapiga kelele kidogo, na hiyo ni kawaida yake. Akifika Mlali, kwenye tambarare, arudishe D.